Mdomo wa Kailash, Koo la Mwadini

Wiki iliyopita tulimwacha Mwadini nje ya mlango wake mwenyewe, Hounslow, saa nane za mchana, ufunguo mkononi, mdomo kaufumba, na kikohozi chake kinakohoa ndani ya nyumba.

Kuna waliosema ni jini. Kuna waliosema ni redio. Wote wamekosa.

Kikohozi hicho si cha mafua. Ni kikavu, viwili kwa mpigo, na Mwadini alikiokota utotoni katika maghala ya karafuu kule Unguja. Vumbi lilimkaa kifuani likapapenda, halikuhama tena. Mkewe Zainab amekichukia kwa miaka kumi na minane. Akikisikia husema, "Kakohoe nje, Baba Kulthum." Leo kinatoka sebuleni, na Zainab huyohuyo anacheka mpaka anakosa pumzi.

Mwadini akasukuma mlango. Alikuwa bado kavaa fulana ya kazi, ile ya manjano ya wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, na mikono inanuka mafuta.

Kwenye kochi, chini ya picha ya Kailash Devraj iliyobandikwa ukutani, alikaa Kailash Devraj mwenyewe. Ndiye hasa, si wa kuchonga. Nywele kazitia rangi, viatu vyeupe, shali ya hariri imemzunguka shingo. Mbele yake vikombe vya wageni, vile ambavyo hata imamu alipokuja kutoa pole alinyimwa.

Kwa aliyezaliwa juzi na hamjui Kailash Devraj, nampa kwa ufupi. Filamu arobaini na moja. Alipigwa risasi mara kumi na saba na akafa mara mbili tu. Alipokohoa kwenye filamu yake ya kwanza, kabla ya kumwambia mwanamke kuwa anampenda, Bombay nzima ilishikwa na kifua. Vinyozi walikohoa. Makarani walikohoa. Vijana walipelekwa kuposa wakakohoa mbele ya wakwe, na wakwe wakajua huyu si mgonjwa, huyu kapenda.

Asilolijua mtu ni kwamba Kailash Devraj aliitwa Kanti, mtoto wa fundi cherehani wa Unguja, na kwamba kikohozi kile hakikuwa chake. Wala sauti.

Mwaka 1957 Kanti alikwenda Bombay na sura nzuri kuliko zote na Kihindi kibaya kuliko vyote. Mwongozaji alipomsikia alisema huyu anaongea kama muuza vitunguu anayekimbizwa na mbwa. Mwadini alikuwa hukohuko, kapelekwa kusomea udaktari wa meno na meno yamemshinda. Lakini Kiurdu anacho. Alisomeshwa tangu ana miaka sita na mwalimu wa Hyderabad aliyepanga ghorofa ya chini kwao, mzee aliyekuwa akikosewa neno moja hali chakula cha usiku.

Basi wakamtia Mwadini katika kijichumba cha giza. Mbele yake kipande cha filamu kinazunguka na kurudi, kinazunguka na kurudi, mdomo wa Kanti unafunguka na kufumba bila sauti, naye anaujaza maneno. Vumbi la chumba lilimpanda, akakohoa katikati ya mapenzi. Mwongozaji akapiga kelele kwamba hicho hicho, asikiguse mtu. Filamu sita walifanya hivyo. Mwisho wake rafiki wawili wakaapishana, huyu kwa Msahafu, yule kwa Gita, kwamba siri hii haitasemwa na mmoja wao maadamu wote wawili wahai.

Mwadini akarudi Unguja mwaka 1962. Mwaka uliofuata akamuoa Zainab, msichana asiyekosa zanana ya Jumapili, lile onyesho la wanawake peke yao, ambako kina mama walilia kwa Kailash Devraj mpaka mabuibui yakalowa. Mwezi wa sita wa ndoa yakaja mapinduzi. Lililobaki mnalijua, maana wengi wenu mlilipitia wenyewe.

Sasa turudi kwenye kochi.

"Baba Kulthum, njoo umuone nani kaja," alisema Zainab. "Na ati mmesoma pamoja. Miaka kumi na minane hunambii."

"Hukuniuliza."

"Mtu anaulizwa vipi, Bwana? Nikuulize kila usiku, jee, wewe unamjua Kailash Devraj?"

Binti yao Ummukulthum, wa miaka kumi na sita, aliitwa aje kumwamkia mgeni. Alitia kichwa mlangoni, akamtazama yule mtu juu hadi chini, akasema kwa Kiingereza, ndicho anachojibia kila kitu, kwamba mbona kafanana na muuza dawa wa barabara ya pili. Akenda zake. Zainab akaomba radhi mara tatu, kisha akakimbilia jikoni kukaanga katlesi.

Kanti alingoja mpaka mafuta yakaanza kulia kikaangoni. Ndipo akaifungua ile shali.

Kovu lilianzia chini ya sikio likaishia kooni.

"Wamenikata, yakhe," alisema. Sauti yake ilikuwa mchanga unaoburuzwa juu ya bati. "Kikohozi wameniachia. Sauti ndiyo hii, mpaka siku ya kuni za kunichomea."

Mwadini alikaa. Alimuuliza limekuwaje.

"Limekuwa wewe. Ulipoondoka Bombay walitaka niendelee kusema kama wewe. Nikawa najifungia na zile filamu sita, najisikiliza, yaani nakusikiliza. Miaka kumi na tisa nalikaba koo langu lifanane na lako. Likafanana. Kisha likafa."

Alilolijia ni hili. Jumamosi saa tisa za mchana, katika ukumbi mmoja mkubwa Wembley, Kailash Devraj ataagana na mashabiki wake. Wameshatoka Leicester, wameshatoka Birmingham. Wote wanataka kusikia maneno ya mlangoni, yale ya filamu ya kwanza, ambayo hata mtoto wa Kihindi akikoroma huyakoroma. Mwadini atasimama nyuma ya pazia aseme. Kanti atasimama mbele apanue mdomo.

Mwadini alimkatalia kwa upole. Kanti akaahidi hiki na kile, akakataliwa pia. Mwisho akauliza basi anataka nini.

Mwadini alitazama ukutani, kwenye ile picha. Miaka kumi na minane anakula chini ya uso wa mtu mwengine. Miaka kumi na minane mkewe akimwambia, mbele za watu, laiti ungekuwa na nusu ya ulimi wa Kailash. Kusema mwenyewe hawezi, kaapa. Na angesema, nani angemsadiki mpakia mizigo?

"Nataka umwambie Zainab," alisema. "Kwa mdomo wako, na mimi nipo."

"Jumamosi, baada ya onyesho. Nitamwambia."

Alikubali upesi mno. Mtu anayekusudia kutimiza ahadi huomba siku mbili za kufikiri. Kanti hakuomba hata dakika, na Mwadini, kwa furaha yake, hakuliona hilo.

Alhamisi akaomba ruhusa kazini, akapanda treni hadi Wembley. Mazoezi yalifanyika juu ya duka la Alnashir, kijana wa Dar es Salaam anayekodisha kanda za video na ndiye mwenye onyesho. Walitundika pazia la bafuni, Mwadini nyuma, Kanti mbele, Alnashir kwenye kiti kama hadhira.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Bombay Mwadini alikuwa akiufuata mdomo. Hapa mdomo ndio unaomfuata yeye, na mdomo haukuzoea kufuata. Kanti alimaliza sentensi, sauti ikaja nyuma yake kama mzee anayekimbilia basi. Wakarudia. Mara ya tatu Mwadini akagundua raha ambayo hakuwahi kuionja duniani. Akinyamaza katikati ya neno, mdomo wa Kailash Devraj unabaki wazi. Alinyamaza mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Na maneno yenyewe, kwa Kiurdu kile cha yule mzee wa Hyderabad, ni haya: Nyumba yako ina milango miwili. Mmoja nimeugonga mpaka mkono umechoka. Wa pili ni wewe. Shabnam, nifungulie.

Mara ya tano Alnashir alifuta macho, akainama chini ya kiti chake akagusa kitu fulani, akasema inatosha.

Ijumaa asubuhi simu ililia. Alikuwa Alnashir, sauti imejaa asali. Alimshukuru sana mzee wake. Alisema kwamba jana, kwa bahati tu, mashine ilikuwa ikirekodi, na sauti imekaa kwenye kanda safi kabisa. Kwa hivyo mzee asijisumbue. Kapewa viti viwili mstari wa tatu, yeye na mama, wakae kama watu wakubwa.

"Na ile ahadi?" aliuliza Mwadini.

"Ahadi gani, mzee wangu? Mimi nauza tikiti."

Aliomba azungumze na Kanti. Akaambiwa Bwana Kailash amepumzika, madaktari hawataki aongee. Simu ikakatwa.

Mwadini alirudisha mkono wa simu mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na tisa. Aliamua kuvunja kiapo.

Zainab alikuwa jikoni anachambua mchele. Mwadini alivuta kiti, akakaa mbele yake, akakohoa viwili.

"Kakohoe nje."

"Mama Kulthum, nina jambo. Tafadhali usicheke. Yule Kailash..."

"Sauti ni yako," alisema Zainab.

Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Nini?"

"Sauti ni yako, Baba Kulthum. Kiapo chako kizima, hukukivunja, nimesema mimi." Akatupa kijiwe pembeni. "Siku ya tatu ya ndoa ulikohoa. Nikasema, mbona nakijua hiki. Jumapili nikenda zanana, nikafumba macho, wenzangu wote wanamtazama yule mwanamume, mimi nasikiliza. Nikamsikia mume wangu."

Mwadini alisogeza kiti karibu. Zainab akaendelea.

"Nilirudi nyumbani mbio. Nilijua utaniambia. Kama si leo, kesho. Nikakupikia, nikakaa mbele yako kama hivi. Ukaniambia chumvi imezidi."

"Zainab, niliapa. Kwa Msahafu."

"Najua uliapa, wanaume hamna siri isiyo na kiapo. Nikabandika picha ukutani. Nikasema, akiona wivu atasema. Nikakutukana mbele za watu kwa ajili ya yule kinyago. Nikasema, leo ataudhika, atasema. Wewe ukala ukanawa." Ndipo alipouinua uso. "Sasa nijibu. Kiapo kilikukataza kusema kuwa sauti ni yako. Kilikukataza kunisemesha mimi?"

Maji yalikuwa yanachemka. Hakuna aliyeyaondoa.

"Maneno yale ulimwambia mwanamke wa kwenye filamu ambaye hata hujawahi kumuona uso kwa uso. Ulimwambia Kanti, nyuma ya pazia, niliwasikia mkipanga nikiwa jikoni. Mimi nimekuzalia, nimekimbia na wewe na mtoto mgongoni, nimefagia ofisi za watu kwa baridi ya nchi hii. Neno moja lenye asali sijalisikia. Mimi nilidhani labda huna. Kumbe unalo, unaazima watu."

Mwadini alisema, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa akiona haya. Kwamba maneno yale akiyasema kwa uso wake mwenyewe yatachekesha.

"Nani angecheka?" aliuliza Zainab. Akamwaga mchele kwenye maji. "Kesho tutakwenda Wembley. Nataka nikuone unavyojisikiliza."

Jumamosi wakapanda treni, Zainab upande huu wa behewa, Mwadini upande ule, na baina yao Mzungu na mbwa wake. Kila Zainab alipotazama dirishani Mwadini alitafuta neno la kuanzia. Alikuwa na maneno ya filamu sita kichwani. Hakupata hata moja la kumwambia mkewe kwenye treni.

Ukumbi ulijaa pomoni, watu elfu moja na mia mbili, sari na suti, bibi wa Nairobi na mabwana wa Kampala, wanalia hata kabla ya kulizwa. Mstari wa tatu, viti viwili vya katikati. Taa zikazimwa. Kailash Devraj akatoka katika duara la mwanga, shali shingoni, akakohoa viwili, na watu wakapiga makofi kwa muda ambao mtu angeweza kupika chai akanywa.

Akanyoosha mkono. Kimya. Mdomo ukafunguka, na sauti ya Mwadini ikajaa ukumbi kutoka kwenye spika.

*Nyumba yako ina milango miwili...*

 Zainab alikuwa amemgeukia Mwadini, si jukwaa. Kama alivyosema.

*Mmoja nimeugo...* Sauti ikazama. Ikawa ya jitu, kisha ya chura, kisha mlio wa utepe unaotafunwa na mashine, kisha kimya.

Hapo ndipo ungejua kwamba Kanti, pamoja na yote, mwigizaji. Alifumba mdomo taratibu, akainamisha kichwa, akajiziba uso kwa viganja kama mtu aliyezidiwa na kumbukumbu. Ukumbi ukahema kwa huruma. Kajipatia dakika moja, labda mbili.

Alnashir akatokea kwenye mstari wa tatu kwa magoti, anatambaa juu ya viatu vya watu, jasho linamvuja usoni.

"Mzee wangu, kanda imekwisha. Pazia liko tayari. Njoo, nakuomba. Tutaaibika."

Mwadini alimtazama Kanti pale juu. Aliwaona watoto wawili wa Unguja, mmoja mzuri wa sura, mmoja mzuri wa ulimi, wamekaa chumba kimoja Bombay wanagawana ndizi. Kumwacha mtu uchi mbele ya elfu moja na mia mbili si kitu kidogo. Alimtazama mkewe.

"Nenda," alisema Zainab. "Umezoea."

Akasimama. Alnashir akamshika kiwiko kumuongoza pembeni, kwenye giza, kwenye pazia. Mwadini akauchomoa mkono wake. Akageuka, akampa jukwaa mgongo, akatazama chini kwenye uso wa Zainab, na bila kipaza sauti, bila haya, kwa kifua kile kilichowaliza wanawake wa pwani nzima, akasema.

"Nyumba yako ina milango miwili."

Ukumbi ukashusha pumzi. Kule juu Kanti aliisikia sauti, na mdomo wake, uliofunzwa Alhamisi, ukainuka wenyewe ukaifuata. Watu wakalia. Wakampungia Kailash mikono. Mwadini alisikia makofi nyuma ya mgongo wake na akajua yanakwenda kwa nani.

"Mmoja nimeugonga mpaka mkono umechoka. Wa pili ni wewe."

 Lilibaki neno moja na ombi lake. Mwadini angeweza kusema Shabnam, na wote watatu wakarudi nyumbani salama, kila mtu na uongo wake.

"Zainab," alisema. "Nifungulie."

Mdomo jukwaani ulitamka Shabnam. Masikio elfu mbili na mia nne yalisikia Zainab.

Hakuna aliyepiga makofi. Mstari wa pili ukageuka, kisha wa kwanza. Bibi mmoja akamwonyesha mwenziwe kidole. Na Zainab, ambaye hajawahi kumshika mumewe mkono mbele za watu tangu Unguja, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nimesikia, Mwadini." Hakumwita Baba Kulthum.

Furaha hiyo ilidumu kiasi cha kupepesa macho.

Kanti hakuanguka, wala hakukimbia. Alisogea mpaka kwenye kipaza sauti. Akaivua ile shali polepole, akainua kidevu ili mwanga ulipate kovu, na kwa mara ya kwanza mbele za watu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya mchanga juu ya bati.

"Ndugu zangu, mnaona koo langu lilivyofanywa." Akanyoosha kidole mstari wa tatu. "Na yule pale, aliyesimama, ndiye aliyeiba sauti yangu."

Watu elfu moja na mia mbili wakamtazama mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kuazima, kisha wakamtazama Kailash Devraj anayelia. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kufikiri. Viti vikaanza kugonga, mstari baada ya mstari, watu wanasimama, na kwenye njia zote mbili walinzi wakaanza kushuka. Zainab alikuwa bado hajauachia mkono.